Mpira, Mbio na Digrii: Niliyoyaona Chuoni Marekani

(Hotuba iliyosomwa na mwanafunzi wa zamani katika bwalo la shule, siku ya mkutano wetu, mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi wa sasa.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mwalimu Mkuu, Baba Paroko, walimu wetu, wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti tumevikalia sisi wazee:

Katibu wetu aliponipigia simu aliniomba nizungumze kwa nusu saa juu ya faida za michezo. Nilikubali upesi, maana hilo ni somo ambalo mtu anaweza kulizungumza hata akiwa amelala. Lakini jana jioni, tulipokuwa tukinywa chai nyumbani kwa Mwalimu Mkuu, nilipata habari mbili. Ya kwanza ni kwamba vijana wawili wa kidato cha sita, mmoja mkimbiaji na mwingine winga wa timu ya shule, wameandikiwa barua na vyuo vya Marekani. Ya pili ni kwamba kamati yetu inafikiria kuchukua fedha tulizochanga kwa ajili ya kiwanja na kuwanunulia vijana hao tiketi za ndege. Kwa hiyo ile hotuba niliyokuwa nimeiandika nimeiacha mfukoni. Nitasema mengine, na kama nitamkwaza mtu naomba anivumilie mpaka mwisho.

Niliondoka katika shule hii mwaka 1979. Walio wa rika langu wananikumbuka kama winga wa kulia, si kama mkimbiaji. Mbio nilizikimbia kwa sababu mwalimu wa michezo wa wakati ule alikuwa na desturi ya kumwadhibu mchelewaji kwa kumzungusha kiwanja, na mimi nilikuwa mchelewaji hodari. Siku moja akatazama saa yake mara mbili, akaniita, na tangu siku hiyo nikawa nakimbia mita 1,500 na 5,000 katika UMISSETA, na kucheza mpira jioni. Viatu vya njumu tulikuwa na jozi nane kwa timu nzima. Winga alivaa kiatu kimoja cha njumu na kimoja cha raba, kwa hoja kwamba winga anatumia mguu mmoja tu. Mnacheka, lakini mnaojua mnajua.

Mwaka 1980 nilikuwa JKT. Kambini tulikuwa na redio moja, na kwa redio hiyo tulisikia kwamba Filbert Bayi amepata medali ya fedha huko Moscow katika mbio za kuruka viunzi na maji, mita 3,000, na Suleiman Nyambui medali ya fedha katika mita 5,000. Mpaka leo Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki zaidi ya hizo mbili. Wakati ule hatukulijua hilo. Tulidhani tumefungua bomba. Kilichonishangaza zaidi ni pale mtangazaji aliposema kwamba Nyambui ni mwanafunzi wa chuo kikuu kule Texas. Mtu anakimbia, na kwa kukimbia kwake anasoma! Baadaye niliona kwa macho yangu magazeti yaliyoandika kwamba alishinda mita 10,000 katika mashindano ya vyuo vyote vya Marekani miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Basi mwalimu wetu wa fizikia, yule padre Mmarekani ambaye wakubwa wenzangu mnamkumbuka kwa pikipiki yake, akaandika barua kwenye chuo alichosoma yeye. Jibu lilichukua miezi mitatu. Mwezi wa Agosti 1981 nilipanda ndege, nikiwa na sanduku la mbao lililotengenezwa na baba yangu mdogo, na koti la mtu aliyekuwa mnene kuliko mimi.

Chuo hicho kiko mashariki ya Marekani na kinaendeshwa na shirika la mapadre. Jina lake sitalitaja, kwa sababu nitakayoyasema si yote ya sifa, na wengi waliohusika hawapo hapa kujitetea.

Huenda kijana mmoja akauliza, mapadre wana shughuli gani na mbio na mpira? Na mimi niliuliza. Kwa Wamarekani mchezo mkubwa wa vyuo ni ule mpira wao wa kushika kwa mikono, wenye kofia ngumu na mabega ya bandia. Unakula watu wengi na fedha nyingi, na vyuo kadhaa vya Kikatoliki, ambavyo havikuwa na utajiri wa vyuo vya serikali, viliuacha. Saint Louis waliuacha mwaka 1949. San Francisco waliuacha baada ya msimu wa 1951, na hao habari yao inastahili kusemwa polepole. Mwaka huo timu yao ilicheza mechi 9 ikashinda zote 9. Ikatazamiwa kualikwa katika moja ya michezo mikubwa ya kufunga mwaka kule kusini. Ikaelezwa kwamba mwaliko utapatikana iwapo itawaacha nyumbani wachezaji wake wawili weusi, Ollie Matson na Burl Toler. Wenzao wakakataa. Hawakwenda kokote, na kwa kuwa hazina ya chuo ilikuwa na upungufu, timu ikavunjwa. Matson alikwenda Helsinki mwaka 1952 akarudi na medali mbili za riadha, ya shaba katika mita 400 na ya fedha katika kupokezana vijiti. Toler naye mwaka 1965 akawa mwamuzi wa kwanza mweusi katika ligi yao ya kulipwa. Padre mmoja alinisimulia habari hii wiki ya kwanza niliyofika, nadhani kwa kuwa aliniona nimekaa peke yangu bwaloni.

Kandanda na mbio havitaki mali nyingi. Mbio za nyika zinataka vijana saba, viatu na kilima. Watano wa kwanza wa kila timu ndio wanaohesabiwa: nafasi walizomaliza zinajumlishwa, na timu yenye jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Chuo chenye wanafunzi elfu moja na mia kadhaa kinaweza kukidhalilisha chuo cha wanafunzi elfu arobaini. Mabingwa wa mchezo huu kwa upande wa vyuo vya Kikatoliki walikuwa Villanova, karibu na Philadelphia. Kocha wao, Jumbo Elliott, aliyefariki mwaka 1981 miezi michache kabla sijafika, alikuwa akiuza mitambo ya ujenzi na kuwafundisha vijana jioni. Tangu miaka ya 1940 alipokea wakimbiaji kutoka Ireland, na mmoja wao, Ron Delany, alishinda mita 1,500 katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956 akiwa bado mwanafunzi. Njia hiyo ya Waairishi ndiyo tuliyoifuata sisi Waafrika: padre au bruda anamwona kijana shuleni, anaandika barua kwa mtu anayemfahamu, kijana anapanda ndege.

Nitawapa mfano wa jirani zetu. Peter Rono alitoka shule ya St. Patrick's ya Iten, kule Kenya, shule ya mabruda Waairishi. Akaenda Mount St. Mary's, chuo kidogo kilichoanzishwa mwaka 1808 chini ya mlima huko Emmitsburg, Maryland, ambako pia walisoma pacha wawili, Kip na Charles Cheruiyot. Mwaka 1988 huko Seoul, Rono, mwenye umri wa miaka 21, alishinda mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 35.96. Wakati huo mimi nilikuwa nimekwisha rudi, nafundisha hesabu, na niliposikia jina la chuo hicho redioni niliruka kitini hata mke wangu akadhani nimeumwa na nge. Sisi tulikuwa tukipita pale kwa basi tukielekea mashindanoni, na kocha wetu alikuwa akisema, "Hawa jamaa wa mlimani, msiwadharau."

Sasa nirudi kwangu. Msaada wangu wa masomo ulilipa ada, kitanda, chakula na vitabu. Nilidhani ni wa miaka minne. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilidhani tu, kwa kuwa digrii ni ya miaka minne. Kumbe tangu mwaka 1973 kanuni ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ilikuwa kwamba msaada unatolewa kwa mwaka mmoja mmoja. Kila kiangazi kocha anapendekeza uendelezwe au usiendelezwe. Maneno hayo yalikuwa katika karatasi niliyoitia sahihi hapa hapa shuleni, ofisini kwa mkuu wa shule, huku wenzangu wanapiga makofi dirishani. Sikuisoma. Nani angesoma?

Jambo la pili ambalo sikulijua ni hili. Mcheza kandanda wa chuo ana msimu mmoja wa mashindano, wa vuli, kuanzia mwisho wa Agosti hadi Novemba. Mkimbiaji ana misimu mitatu: vuli mbio za nyika, majira ya baridi mbio za ndani ya ukumbi, masika mbio za uwanjani. Hapumziki. Na zile za ukumbini, jamani! Siku zile zilikuwa bado zinakimbiwa juu ya njia za mbao, fupi, zenye kona zilizoinuliwa kama ukuta. Katika baadhi yake ulizunguka mara 11 kuimaliza maili moja. Kila hatua mbao zinanguruma kama treni juu ya daraja. Nje kuna theluji, kwa hiyo mazoezi tulifanya barabarani juu ya barafu au ndani ya korido za sementi.

Mwezi wa Februari 1983, mwaka wangu wa pili, muundi wa mguu wa kushoto ukaanza kuuma. Nikamwambia kocha. Akasema ni maumivu ya kawaida, tubakize wiki tatu. Nilikimbia wiki hizo tatu, mara nyingine mbio mbili kwa siku moja, kwa sababu kila nafasi ina pointi zake. Daktari alipopiga picha alikuta mfupa una ufa. Nikavaa plasta, nikakosa masika yote, na mwezi wa Juni nikaletewa barua yenye aya moja: msaada hautaendelezwa.

Ndugu zangu, niliwaandikia wazazi wangu wakati huo kwamba mambo ni mazuri. Mwaka ule hapa nyumbani watu walikuwa wakipanga foleni kwa sabuni na sukari, ningewaandikia nini? Fedha za kigeni ilikuwa huwezi kuzipata hata ukiwa na ng'ombe mia. Nilikaa kitandani siku mbili nikihesabu: nina dola 40, nina mguu mmoja, na sina nauli ya kurudi.

Aliyeniokoa ni padre aliyenifundisha hesabu. Hakuwa mpenzi wa michezo hata kidogo. Nadhani mpaka anafariki hakujua mimi nilikimbia umbali gani. Alinijua kwa sababu nilikuwa naketi mbele na kubishana naye juu ya maswali. Akaniuliza kama nimeisoma barua yote. Nikasema ina aya moja. Akaigeuza. Nyuma, kwa herufi ndogo, yaliandikwa maneno kwamba mwanafunzi ambaye msaada wake umesitishwa anayo haki ya kusikilizwa na kamati ya chuo iliyo nje ya idara ya michezo. Tukaandika ombi. Kamati ikanisikiliza saa nzima. Ikatazama alama zangu, ikaamua chuo kiendelee kunilipia ada, lakini kitanda na chakula nijitafutie. Nikaanza kuosha vyombo bwaloni saa 20 kwa wiki, ambazo ndizo saa ambazo sheria ya viza inamruhusu mwanafunzi mgeni kufanya kazi chuoni wakati wa masomo. Mpaka leo nikiona sinia zimepangwa, mikono inawasha.

Nyuma ya jiko palikuwa na uwanja mdogo wa nyasi. Mguu ulipopona, mwezi wa Agosti, nilikuwa nacheza mpira pale na wapishi, Wareno watupu, wakati wa mapumziko. Kocha wa kandanda alikuwa akipita kila siku kwenda kuchukua barafu. Siku ya tatu akasimama. Siku ya nne akaniuliza ni wapi nilijifunza kumpita mtu kwa upande wa nje. Nikamwambia: kwenye kiwanja chenye mteremko, ukipita upande wa ndani unaanguka mtaroni. Mnaokijua kiwanja chetu mnaelewa kwamba sikutania. Wiki iliyofuata nikawa katika timu, na chakula na kitanda vikarudi.

Kandanda yao ilikuwa na vituko. Mchezaji aliyetolewa aliweza kurudi uwanjani. Tena saa ya mchezo haikuwa ya refa. Ilikuwa ubaoni, inahesabu kurudi nyuma, na ikifika sifuri honi inalia na mchezo umekwisha. Katika mechi yetu ya mwisho ya mwaka 1984, tukiwa sare bila bao, nilipokea mpira pembeni, nikampita beki, nikapiga. Mpira ukiwa hewani honi ikalia. Ukaingia wavuni ukiwa mpira wa nani sijui. Bao likakataliwa. Mnigeria aliyekuwa mlinda mlango wetu alilala chini akacheka mpaka akalia, na mimi nikasimama pale kwenye theluji nikimtafuta refa nimlaumu, naye ananyosha mkono kuonyesha ubao. Nimepata mabao kadhaa katika maisha yangu na nimeyasahau. Hilo sijalisahau.

Kocha wa riadha hakunisemesha tena. Tulikutana mlangoni mwa kanisa kila Jumapili kwa miaka miwili. Nilimhukumu vibaya sana wakati ule. Baadaye nilipokuwa mwalimu, na mimi nikawa na timu ya kupeleka mkoani na mkuu wa shule anayetaka kikombe, nilimwelewa kidogo. Kidogo tu.

Mwezi wa Mei 1985 nilipata digrii ya hesabu.

Lakini kuna mwenzetu mmoja ambaye hakupata. Wengi wenu mnamfahamu. Alikuwa bweni moja nami, alikuwa mkimbiaji bora kuliko mimi mara kumi. Alikwenda mwaka mmoja baada yangu, chuo kingine, cha mapadre pia. Kabla hajafariki mwaka 2009 nilimwendea hospitalini, akanitaka niwasimulie vijana habari zake bila kutaja jina. Nimekaa na deni hilo muda mrefu.

Huyu alikimbizwa. Katika mashindano ya siku mbili alikimbia mita 10,000 Ijumaa, mchujo wa 1,500 Jumamosi asubuhi na 5,000 Jumamosi jioni, kwa sababu pointi zilihitajika na yeye hakujua kusema hapana kwa mtu mzima. Tulivyolelewa, mkubwa akisema kimbia, unakimbia. Masomo alichaguliwa na ofisi ya michezo: somo jepesi hapa, jepesi pale, mradi alama zimruhusu kukimbia muhula ujao. Mwaka wa nne ulipokwisha na haki yake ya kushindana ikaisha, alikuta ana masomo mengi yasiyojenga digrii yoyote. Ni kama mtu aliyenunua matofali manne ya kila rangi. Msaada ukakoma. Alibaki miaka miwili akikimbia mbio za barabarani kwa ajili ya zawadi ndogo ndogo, kisha goti likakataa. Alirudi na viatu, picha, na aibu ambayo haikuwa yake. Hakuja katika mkutano wetu hata mmoja. Sisi tulisema ana majivuno.

Sasa barua za vijana wetu. Mambo yamebadilika kiasi. Tangu mwaka 2012 vyuo vinaruhusiwa kutoa msaada wa miaka kadhaa kwa mkataba mmoja, lakini kuruhusiwa si kulazimishwa. Mwaka 2025, baada ya kesi kubwa mahakamani, vyuo vilivyoingia katika mapatano viliondolewa ukomo wa idadi ya misaada, ukawekwa ukomo wa idadi ya wachezaji: 28 kwa kandanda, 17 kwa mbio za nyika. Maana yake ni kwamba chuo chenye fedha kinaweza kumlipia kila mmoja, na chuo kisicho nazo kinaweza kumwita kijana kwa nusu, au robo, au kwa maneno matamu. Kijana, barua ikisema "msaada", uliza: wa nini na nini? Wa muda gani? Nikivunjika mguu mwezi wa Februari, nani anatibu, na mwezi wa Agosti nalala wapi? Uliza wakimbiaji wao kutoka ng'ambo wa miaka mitano iliyopita wako wapi, na wangapi walivaa joho. Kocha mwema hatakasirika. Akikasirika, umekwisha jibiwa. Na somo uchague mwenyewe, kabla ya kupanda ndege, ukae nalo kama mtu anavyokaa na jina lake.

Nisieleweke kwamba nasema wasiende. Nilikula chumvi ya wale mapadre, na mwana wa mkulima wa ekari tatu asingeipata digrii ile kwa njia nyingine mwaka ule. Waende.

Ila sikubali fedha za kiwanja ziguswe. Nimewatajia San Francisco. Kocha wao wa kandanda, Steve Negoesco, aliyezaliwa Marekani akakulia Romania, aliiongoza timu tangu mwaka 1962 hadi 2000, akachukua ubingwa wa vyuo mwaka 1966, 1975, 1976 na 1980, kwa timu zilizojaa vijana wa ng'ambo, Wanigeria wakiwemo. Ubingwa wa 1978 ulifutwa kwa kuwa palikuwa na mchezaji asiyestahili kucheza. Hiyo ni njia moja. Lakini watazameni Saint Louis. Wao walichukua ubingwa mara 10 kati ya mwaka 1959 na 1973, na mpaka leo hakuna chuo kilichowafikia. Wachezaji wao waliwatoa wapi? Mitaani mwao wenyewe. Parokia za mji ule zilikuwa na viwanja na ligi za watoto. Mtoto alianza kucheza parokiani na kumalizia chuoni, umbali wa kupanda basi. Katika timu ya Marekani iliyoifunga Uingereza bao 1 kwa 0 huko Brazil mwaka 1950, watano walikuwa watoto wa mji huo. Mmoja wao, Harry Keough, kazi yake ilikuwa ya kupeleka barua nyumba kwa nyumba. Ndiye aliyekuja kuwa kocha wa chuo na kuchukua ubingwa mara 5 katika zile 10.

Kiwanja chetu kina mteremko ule ule wa mwaka 1977. Mtaro ni ule ule. Nimeupitia leo asubuhi, nikakuta watoto wa kidato cha kwanza wanautumia kama mpaka wa uwanja. Mhandisi wetu, ambaye ameketi pale na anatamani nisimtazame, ametuambia greda la siku nne na malori ya udongo yatatosha. Tiketi mbili zitawabeba vijana wawili. Mwenyekiti, wanafunzi waliopo hapa leo ni mia sita na kitu.

Kwa upande wa tiketi, nimempa Mweka Hazina bahasha kabla ya Misa. Ndani yake kuna nusu ya tiketi moja. Najua humu ndani wamo wengine wanne waliopandishwa ndege kwa miguu yao, na majina yao sitayataja kwa sababu tayari wanatazama chini. Tukitoka kula tukutane chini ya mwembe.

Na wewe kijana winga, ulinikabidhi barua yako jana usiku nikaisoma mara mbili, mbele na nyuma. Imeandika vizuri kuhusu uwanja wao na rangi ya jezi. Aya ya nne inasema msaada "utaangaliwa upya", haisemi lini wala na nani. Juu ya kuumia haina neno. Mwalimu wa Taaluma ametuachia ofisi yake kuanzia saa kumi jioni, na mashine ya kuchapa ipo. Njoo na mwenzako, na mje na baba zenu kama hawajaondoka, tuandike jibu kabla giza halijaingia.